Runinga Haikuletwa na Stima

Miaka ya tisini, kabla nguzo za stima hazijapita katika mashamba mengi ya Ainabkoi, Uasin Gishu, runinga zilikuwepo. Zilikuwa Great Wall za inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, na zilikula betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa kwenye keria ya baiskeli ikapelekwa senta kuchajiwa. Siku iliporudi, majirani walianza kuingia saa kumi na mbili na nusu jioni ili wapate pa kukaa kabla ya taarifa ya habari. Aliyewahi kuishi na betri anazijua dalili zake. Picha huanza kusinyaa kutoka pembeni, msomaji habari akabaki katikati ya kioo amezungukwa na ukanda mweusi, kisha uso unapotea na sauti inaendelea peke yake kwa muda. Mwenye nyumba aliyeona ukanda ule ukitokea alikuwa na uamuzi wa kufanya: nguvu iliyobaki aimalizie kwa habari, au aihifadhi kwa ajili ya kichekesho cha Vitimbi?

Stima yenyewe ilichelewa. Mradi wa Last Mile ulizinduliwa mwaka 2015, ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na hapo ndipo nyumba nyingi za mashambani nchini zilipowekewa mita. Kwa hiyo anayesema kwamba stima ndiyo iliyoleta runinga vijijini anaisimulia hadithi kinyumenyume. Hamu ilitangulia, betri ikatafutwa, nguzo zikaja kuwakuta watu wakitazama tayari.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu siku hizi kila mtu anazungumza juu ya runinga kana kwamba ni hali ya hewa. Teknolojia imekuja, imebadilisha vijana, sasa teknolojia nyingine imekuja kuiua ya kwanza, na sisi tumekaa tu tukinyeshewa. Mwaka 1974 mwandishi mmoja kutoka Wales, Raymond Williams, alichapisha kitabu kidogo kuhusu runinga kama teknolojia na kama utamaduni, na shabaha yake ilikuwa fikra hiyo hiyo. Wakati ule sauti iliyovuma ilikuwa ya Marshall McLuhan wa Kanada, aliyewaaminisha wengi kwamba chombo chenyewe ndicho kinachoumba jamii. Williams alikataa. Chombo hakijiundi, alisema. Kuna watu wenye haja, wenye fedha na wenye madaraka wanaokitafuta, na wakishakipata wanapigania kitumike vipi.

Baba yake Williams alikuwa mwashiria ishara wa reli katika kijiji cha Pandy, na nadhani mtoto wa reli hahitaji kufundishwa sana jambo hili. Wala mtu wa Ainabkoi hahitaji. Senta yake imekulia kando ya kituo cha reli, kwenye mteremko wa njia inayopanda kutoka Nakuru, inavuka kilele karibu na Timboroa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, kisha inashuka kwenda Eldoret. Treni ilifika Eldoret mwaka 1924. Lakini Makaburu walioongozwa na van Rensburg walikuwa wamewasili Uasin Gishu tangu 1908, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ardhi ilikuwa imeshagawanywa mashamba kabla reli haijalazwa. Treni haikuleta ngano na mahindi. Walioitwaa ardhi walitaka kusafirisha ngano na mahindi, wakaipata treni.

Runinga ya Kenya nayo ilitafutwa. Ilianza kurusha mwaka 1962, kutoka nyumba ya shamba huko Limuru, huku Mwingereza akifunga mizigo. Mwaka 1964 serikali mpya ikalitwaa shirika zima na kuliita Sauti ya Kenya, VOK. Jina lenyewe lilitangaza kazi yake: sauti ni moja, na inatoka juu kuja chini. Miaka ya Moi kila mtoto alijua taarifa ya habari ingeanza wapi. Mtukufu Rais amefanya nini leo, amehudhuria ibada wapi, amepanda mti gani. Mafuriko na vifo vilisubiri zamu yao. Hata KTN ilipoanza mwaka 1990 na kuvunja ukiritimba huo, sehemu kubwa ya mashamba iliendelea na KBC, jina jipya la VOK, kwa sababu mawimbi ya vituo vya binafsi yalichukua miaka kupanda milima hii.

Sasa tuje Kaptagat, maana hapo ndipo nadharia ya Williams inapata mtihani wake.

Kaptagat ni wadi ya eneo bunge la Ainabkoi, na dunia inaijua kwa kambi ya mazoezi ambako Eliud Kipchoge ameishi na kukimbia kwa miaka mingi. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019 Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei katika bustani ya Prater, Vienna, kwa saa 1:59:40. Eldoret ilisimama. Watu walijaa barabarani mbele ya skrini kubwa, wahudumu wa boda wakiwa juu ya pikipiki zao na akina mama wakiwa na watoto mgongoni, na alipowaacha wasindikizaji wake nyuma mbio zikikaribia kwisha, kelele zilizopigwa pale si za kuandikika gazetini.

Lakini hebu tuangalie walichokuwa wakitazama. Hayakuwa mashindano. Hakukuwa na mpinzani. Wasindikizaji 41 walipokezana kumkinga na upepo wakiwa wamejipanga kwa umbo la V, na gari la mbele yao lilichora kwa miale ya leza mstari wa kijani barabarani kuonyesha kasi inayotakiwa. Tarehe haikuwekwa mapema kama ya mbio nyingine. Waandaaji walitenga siku kadhaa na kuchagua ile yenye hali nzuri ya hewa. Mdhamini alikuwa kampuni ya kemikali ya INEOS. Shirika la riadha duniani halikuutambua muda ule kuwa rekodi, na halikukosea. Yale ya Vienna, na yale ya Monza mwaka 2017 ambako alikosa kushuka chini ya saa mbili kwa sekunde 25, yalikuwa kipindi cha runinga chenye mwanariadha halisi ndani yake. Mstari ule wa kijani ulimwongoza mkimbiaji, lakini pia ulimwongoza mtazamaji. Mtu asiyejua kitu kuhusu marathoni aliweza kuona kwa jicho kama jamaa yuko mbele ya saa au nyuma yake.

Sisemi hivi kumpunguzia Kipchoge. Miguu ilikuwa yake. Nasema kwamba umbo la tukio liliundwa na watu waliojua hasa wanachotaka kamera ione, na kwamba kijana wa Kaptagat alilazimika kwenda Vienna ili jirani yake amwone akikimbia.

Linganisha na Oktoba 1968. Kipchoge Keino alipomshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico, kwa dakika 3:34.9, sehemu kubwa ya dunia ilitazama moja kwa moja kwa satelaiti. Kenya haikutazama. Kituo cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970. Nyanda hizi zilizomzaa bingwa zilimsikia kwa redio, na walioweza kuuona ushindi wake papo hapo walikuwa Wamarekani na Wazungu waliokuwa sebuleni kwao. Satelaiti ilikuwepo angani. Kilichokosekana ni dishi la kuyanasa mawimbi yake chini, na dishi hugharimu fedha ambazo mtu lazima aamue kuzitoa.

Williams alikuwa na wazo jingine ambalo Ainabkoi inalikubali nusu tu. Aliona runinga imezaliwa na maisha ya watu wanaohamahama kufuata kazi huku kila familia ikizidi kujifungia ndani ya nyumba yake. Dunia inaletwa ndani huku mlango umefungwa. Kwa London au kwa mitaa ya California hilo halina ubishi. Hapa runinga ilikuja ikafungua milango. Ilikuwa ya jirani mwenye betri, ikawa ya baa, ikawa ya hoteli, na ninaposema hoteli namaanisha pale panapouzwa chai ya maziwa na chapati, si kitanda.

Ingia katika hoteli yoyote ya senta hizi Jumamosi alasiri. Runinga imewekwa juu karibu na dari, ndani ya kizimba cha vyuma chenye kufuli. Rimoti iko kwa mwenye duka, kwenye droo ya pesa. Ukitaka kubadilisha chaneli unaomba, na ombi lako linapimwa kwa kiasi ulichoagiza: mwenye kikombe kimoja cha chai kwa saa mbili hana sauti. Mechi ya Uingereza ikianza, baadhi huweka kiingilio cha shilingi ishirini au thelathini, pazia linashushwa, na anayeshabikia Arsenal anajua benchi lake. Kuna mabishano yanayoendelea hapo tangu enzi za kocha Wenger. Hicho si kitu cha sebuleni. Ni baraza, isipokuwa anayezungumza zaidi yuko ndani ya kizimba.

Na watazamaji wa hapa hawakuwahi kupokea kila kitu kama kilivyofungwa. Katika mabanda ya video filamu za Kichina na za Kihindi zilipewa sauti mpya na DJ Afro, ambaye hatafsiri kinachosemwa. Anamsimanga jambazi, anampa shujaa jina la mtaani, anaonya kwamba huyo mwanamke ni hatari. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyo, Kampala wanaye VJ Jingo. Waliotengeneza filamu hawakulipanga hilo, wala Nairobi haikulipanga. Watu walichukua kioo wakaongeza mdomo wao.

Jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa uvumbuzi mkubwa wa runinga ya Kenya, nalo halijawahi kupewa tuzo, ni saa moja ya usiku. Vituo vyetu vikubwa vyote vinasoma habari kwa Kiswahili saa moja na kwa Kiingereza saa tatu. Waliopanga hivyo huenda walidhani bosi wa Nairobi anafika nyumbani saa mbili akitaka uchambuzi wake baada ya chakula. Huku juu ng'ombe hukamuliwa saa kumi au kumi na moja alfajiri, na gari la maziwa halimngoji aliyelala. Baridi nayo inajua kufukuza watu sebuleni. Saa tatu usiku nyumba nyingi zimeshalala. Maana yake ni kwamba taarifa halisi ya nchi, ile inayosikilizwa na wenye mashamba, wenye kura na wenye madeni ya mbolea, ni Nipashe ya Citizen na Mbiu ya KTN. Ile ya saa tatu wanaitazama wanaoandikwa ndani yake.

Kiswahili kimesafiri mbali kwa njia hii. Sauti za pwani zimetawala usomaji wa habari kwa miaka mingi, na tangu 2019 Lulu Hassan na Rashid Abdalla, wanandoa wanaosoma habari Citizen, wametengeneza tamthilia kama Maria na Zora zilizopeleka lafudhi hiyo hadi jikoni kwa mama wa Kikalenjin aliyekuwa akimenya viazi kwenye mwinuko wa mita 2,600. Alimwita bintiye kwa lugha yake, akamlaumu Zora kwa Kiswahili. Sera ya lugha ya taifa ilijadiliwa kwenye makongamano miaka hamsini bila kufika alikofika Zora kwa msimu mmoja.

Ila Ainabkoi yenyewe, katika taarifa hiyo ya saa moja, inaonekana kwa sura mbili. Ya kwanza ni mkimbiaji anayeshuka kwenye ndege Eldoret na kupewa mursik, maziwa lala ya Kikalenjin. Ya pili ni moshi. Burnt Forest, katika eneo hili hili, ilichomwa mwaka 1992 na ikachomwa tena baada ya uchaguzi wa 2007, na kila uchaguzi ukikaribia kamera huletwa kuchukua picha za barabara kuu na kumuuliza mtu kama anaogopa. Kati ya mursik na moshi kuna viazi vinavyooza shambani kwa kukosa soko, kuna foleni za malori ya mahindi kwenye maghala ya bodi ya nafaka, kuna shule na ndoa. Hayo huonekana kwa bahati, au siku waziri akipita.

Na ile Desemba ya 2007 inafaa kukumbukwa kwa undani, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha runinga ni mali ya nani. Kwa siku tatu nchi nzima ilikuwa mbele ya kioo ikifuata matokeo kutoka KICC. Jioni ya tarehe 30, baada ya ukumbi kuvurugika, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza mshindi mbele ya kamera za KBC peke yake. Muda mfupi baadaye Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu jua likizama. Usiku huo huo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Huku Burnt Forest watu walikuwa wanaona moto kwa macho yao kupitia dirishani, na kwenye kioo hawaoni kitu. Wengine walirudi kwenye redio na kwenye arafa za simu, na tunajua arafa zile zilikuwa zimebeba chuki.

Tangu hapo kioo kimezimwa mara kadhaa, na hakuna hata mara moja kilipozimwa na hitilafu. Mwaka 2015, wakati wa kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, Citizen, NTV na KTN zilitoweka karibu wiki tatu kuanzia katikati ya Februari. Wamiliki wao na serikali walikuwa wakigombania nani apewe leseni ya kusambaza mawimbi na nani auze ving'amuzi. Zile Great Wall zilizokuwa zimevumilia betri miaka yote zikawa meza ya kuwekea vitambaa. Mzee aliyekuwa na runinga nzima, isiyo na kasoro, aliambiwa akanunue kisanduku cha shilingi elfu kadhaa ili aendelee kuona alichokuwa anakiona bure. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vikazimwa tena, safari hii kwa sababu ya kiongozi wa upinzani Raila Odinga kujiapisha Uhuru Park, na amri ya mahakama ya kuviwasha ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, mawimbi yakakatwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku ile ile.

Kuzima kumeshuka mpaka ngazi ya nyumba moja moja. Runinga nyingi mpya za mashambani zinaendeshwa na sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe. Zamani betri ikiisha ulilaumu betri.

Watanzania walikuwa na msimamo mwingine kabisa, na huwa nawakumbusha wanaodhani historia ya runinga ina njia moja. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya sabini, kabla Kenya haijaota rangi. Bara, Nyerere akiona ni anasa ya wachache wa mjini, walikaa bila kituo chochote hadi 1994. Nchi mbili zilizoungana, mkono wa bahari katikati yao, mashine ile ile ikipatikana sokoni: moja ikaitaka, nyingine ikaikataa.

Ndiyo maana mazungumzo kwamba simu imeiua runinga yananichosha. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, vijana wa huku walitazama kwa simu, sawa, lakini walichokuwa wanatazama ni matangazo ya NTV na Citizen yaliyopita YouTube. Runinga ilikuwa ile ile, kizimba ndicho kilichokosekana. Kilichobadilika ni mpangaji wa mfululizo. Williams, alipofika Miami kutoka safari ya meli na kukaa mbele ya runinga ya Marekani usiku, alishangaa kuona filamu, matangazo ya biashara na vionjo vya filamu nyingine vikimiminika pamoja hadi asijue kimoja kinaishia wapi, akauita mtiririko. Enzi zake mtiririko ulipangwa na mtu ofisini ambaye ungeweza kumwandikia barua ya kulalamika. Leo unapangwa na programu ya kompyuta inayojua kwamba juzi ulitazama ngumi, basi leo itakupa ngumi tano, na katikati yake tangazo la kamari. Kijana mmoja kwenye benchi ana mtiririko wake, aliye kando yake ana mwingine, na wote wawili wamelipia bando.

Mimi nina dai moja tu, nalo linatoka Kaptagat. Uingereza, kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1996, ina orodha ya matukio ambayo hayawezi kufungiwa kwenye chaneli za kulipia pekee: Olimpiki, fainali za Kombe la Dunia, mbio za farasi za Grand National, fainali za Wimbledon. Farasi wamekumbukwa. Sisi nasi tuandike orodha yetu, tuipe nguvu ya kisheria, na fedha zake ziwekwe kwenye bajeti ya KBC mapema, si kuombwa wiki moja kabla. Ya kwanza kwenye orodha ningeweka marathoni za London, Boston, Berlin na Chicago, zirushwe bila malipo na kwa Kiswahili, na mtangazaji awe mtu aliyewahi kukimbia kwenye udongo mwekundu wa njia za Kaptagat, anayeweza kumtambua mkimbiaji kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Mbio za nyika za dunia zifuate. Mechi za Uingereza zibaki kwa mwenye hoteli na kiingilio chake.